Kila Asubuhi Mume Wangu Ananikaribisha Chooni

"Wifi, achia mkono."

"Achia wewe."

"Mimi ndiye mkewe."

"Na mimi ndiye dada yake. Kwa mke kuna talaka. Kwa dada hakuna talaka."

Tulikuwa uani kwangu, Kabuku, Jumatatu saa mbili asubuhi. Wifi yangu Rukaya amemshika mume wangu mkono wa kulia, mimi nimemshika wa kushoto, na begi lake la bluu limesimama katikati ya miguu yetu. Mume wangu mwenyewe, Muhidini, alikuwa anatutazama kwa zamu, anamsikiliza huyu, anamgeukia huyu.

Kisha akajinasua. Akashika filimbi iliyoning'inia shingoni, akaipuliza mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya njano, akamwonyesha dada yake. Akanigeukia, akanionyesha na mimi.

"Mnacheza vibaya," akasema. "Haya, mpira uendelee."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake kando ya jiko, akakunja nne.

Kwa anayeanza kusoma safu yangu hii ya gazeti leo, mume wangu ana miaka hamsini na mbili. Alikuwa mwalimu wa michezo na refa wa ligi ya wilaya, mtu wa kukumbuka nani alifunga, dakika ya ngapi, mwaka gani. Miaka mitatu iliyopita akaanza kusahau njia ya kurudi nyumbani. Daktari wa Korogwe alituandikia barua tukapige picha ya kichwa mbali zaidi, na jibu likaja: Alzaima, ile inayoanza mapema. Ubongo unatangulia kuzeeka, mwenyewe anabaki nyuma na nywele zake nyeusi. Dawa ya kuponya hakuna. Kuna vidonge vya kupunguza kasi, na kuna kumwangalia.

Wiki iliyopita nilieleza alivyopuliza filimbi msikitini kwa sababu safu ya pili ilikuwa imepinda, na sheikh alivyogeuka kutazama akakubali kwamba kweli imepinda.

Kuna jambo nililiruka kwa aibu. Leo nalisema. Mume wangu hajui kwamba mimi ni mkewe. Anajua mimi ni bibi afya.

Kosa ni la kazi yangu. Nina diploma ya afya ya mazingira, nakagua vyoo, mabucha na migahawa ya kata hii. Navaa koti jeupe, nabeba daftari. Sasa kila asubuhi Muhidini akiamka ananiona mlangoni na koti langu, anajifunga shuka vizuri, anasema kwa adabu, "Karibu, mama. Choo kipo nyuma. Kisafi."

Kisha ananisindikiza.

Mwanzoni nilikuwa namwambia mimi ni Mwanaisha, mkeo. Alikuwa anaogopa, anaanza kutafuta mlango. Basi nikaacha. Sasa nakagua. Nafungua, natazama, nasema, "Maji ya kunawa yapo, sabuni ipo, hongera." Anafurahi mpaka saa nne. Choo changu kimekaguliwa kuliko choo chochote wilaya ya Handeni.

Ndiyo maana Rukaya alikuwa na nguvu asubuhi ile.

"Nilipoingia hapa alisema nini?" akaniuliza. "Alisema, 'Dada Rukaya, umeniletea kunde?' Wewe asubuhi hii alikwambiaje?"

Nikalisogeza begi kwa mguu.

"Sema alikwambiaje."

"Aliniambia choo kisafi."

"Basi. Mtu anakwenda kukaa na anayemjua."

"Anakwenda kwa mganga, wifi. Tuseme ukweli."

"Anakwenda kutapishwa ulichomlisha."

Hapo sasa ndipo penye mambo. Rukaya anaamini ugonjwa wa wazee haumshiki mtu asiye na mvi. Kwa hiyo nilimlisha limbwata ili atulie nyumbani, na mkono wangu ukazidisha.

"Wifi," nikamwambia, "mimi nimesomea vipimo. Ningempa limbwata, ningempa kwa kijiko kilichosawazishwa."

"Mmesikia? Anakiri."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia isipokuwa jogoo. Jogoo huyo mweusi tii, bila doa, alikuwa kwenye tenga la makuti kando ya ukuta. Mganga alikuwa ameagiza jogoo aletwe kwanza anuse nyumba ya mgonjwa, kisha arudi na mgonjwa Kwamsisi, kijijini kwao Rukaya, aendelee na kazi huko. Rukaya alikuwa amempakata kwenye pikipiki njia nzima.

Mimi sikuwa naogopa jogoo. Nilikuwa naogopa Kwamsisi. Siisemi vibaya, ni kwao na ni pazuri. Lakini alfajiri kila mtu yuko shamba, na njia zote ni za baiskeli, zote zinafanana. Mwaka jana tulimpeleka msibani kwa siku moja tu. Akatupotea, tukampata kesho yake mchana, ndani ya pori, amevaa kiatu kimoja, anamuuliza mchungaji wa ng'ombe uwanja uko wapi. Safari hiyo alipatikana. Safari nyingine nani anajua.

Na hapa nakiri la pili. Lile begi la bluu hakulipanga Rukaya. Nililipanga mimi, Jumapili. Nilikuwa nimekagua choo, nimemvalisha, nimemtafutia filimbi mara sita, na Rukaya alipopiga simu kwamba anakuja kumchukua nikasema njoo. Nikakunja mashati, nikaweka vidonge, nikafunga zipu. Nililala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote mwaka huu.

Asubuhi nikamwona amesimama kando ya begi, kiatu cha kushoto mguu wa kulia, anasubiri kwa utii. Nikaghairi. Hilo tu.

Tukiwa tumebishana hivyo, pikipiki ikaingia uani bila hodi.

"Hawa Wazigua wameamka lini?" ikauliza sauti. "Nimefikiri bado mmeshiba bada ya jana."

Semboja. Ni seremala wa Korogwe, Msambaa, zamani golikipa. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu kwa mababu. Akija kwako anatukana mpaka marehemu wako, anachukua anachokitaka, na wewe unacheka. Ukikasirika, umekosa wewe, unapigwa faini, na faini anapanga yeye. Ndivyo walivyozikana na kuozeshana miaka yote, na hakuna aliyewahi kukataa faini ya mtani akabaki na uso wa kutazama watu. Rukaya anayajua hayo kuliko mimi.

Kila Jumatatu Semboja anafunga karakana yake, anakuja kukaa na Muhidini.

Muhidini alimtazama. Uso ukachanua.

"Wewe nilikutoa nje dakika ya sabini."

"Na haikuwa penalti."

"Ilikuwa penalti. Ulimvuta jezi."

"Nilikuwa naangalia kitambaa."

Wanabishana hivyo kila wiki, maneno yaleyale. Jina la mkewe limepotea, lakini ile jezi ipo.

"Twende ndani," Rukaya akaninong'oneza. "Sitaki huyu mtu wa milimani atusikie."

Tukaingia ndani, tukaendelea. Tuligombana kwa muda wa saa mbili na nusu. Tulirudia harusi yangu, tukarudia msiba wa mama yao, tukafika kwenye sufuria aliyoniazima mwaka ambao Husna wangu alizaliwa. Husna sasa yuko kidato cha nne, bweni, Korogwe. Katikati Rukaya alipumzika akanywa chai yangu, akasema ina tangawizi nyingi, akaendelea.

Wakati fulani nilisikia filimbi ndefu kutoka uani, ile ya kumaliza mechi. Nilijua kuna kitu kimekwisha. Sikujua ni nini.

"Kitu kinanukia," akasema Rukaya.

"Semboja huyo. Kila akija anapika."

"Mwanamume anapika kwako?"

"Anapika kuliko mimi. Nimemwacha."

Chakula kikaingia. Bada, ule ugali wa muhogo, na kuku wa nazi. Semboja akagawa kama mwenye nyumba. Firigisi akaiweka kwenye sahani ya Muhidini, kama inavyotakiwa.

Muhidini akaitazama. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Kisha akaichukua kwa vidole viwili akaiweka upesi kwenye sahani ya dada yake.

"Kula, dada," akanong'ona. "Kabla mama hajaona."

Mama yao alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa anampa firigisi mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume alikuwa anaiiba kwenye sahani yake mwenyewe kumpa dada yake. Sikuwahi kulijua hilo. Rukaya alifuta macho kwa upindo wa kanga, akala firigisi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akawa na sura ya mtu ninayeweza kukaa naye.

"Kuku mtamu," akasema. "Wa wapi?"

"Wa Kwamsisi," akasema Semboja.

Rukaya akaacha kutafuna. Akainama akachungulia uani. Tenga lilikuwa limelala chali. Ndani yake mlikuwa na kamba.

"Kuku wa mganga?"

"Mganga amechelewa," akasema Semboja. "Tumeona chakula kitapoa."

"Umemchinja kuku wa dawa, wewe Mkristo ambaye hata kuchinja kwako hatuli?"

"Mimi? Mimi nimeshika miguu tu. Nawaheshimu."

"Nani amemchinja?"

Muhidini akanyoosha mkono juu, kama darasani.

"Alikuwa ameotea," akasema.

Rukaya akasimama. Sitaandika yote aliyosema, gazeti hili linasomwa na watoto. Alianza na Semboja, akapanda milimani kwao, akashuka na ukoo mzima. Semboja alikuwa ameegemea ukuta, anachokoa meno, uso wake umetulia kabisa.

Alipomaliza, Semboja akanigeukia.

"Shemeji, wewe ni shahidi. Huyu amekasirika, au ananitania?"

Rukaya akashtuka. Akaziba mdomo kwa mkono. Akajaribu kucheka, ikatoka kama kikohozi.

"Amekasirika," nikasema.

"Wifi!"

"Umekasirika, wifi. Hata mshipa wa shingo umetoka."

Muhidini naye akasimama. Akatoa njano, akamwonyesha dada yake, akaifikiria kidogo. Kisha akatoa nyekundu. Sijui alikumbukaje kwamba ile ilikuwa ya pili. Kuna siku anakumbuka.

"Faini," akasema Semboja. "Siku tatu unakaa hapa. Ndugu yako akitoka, unatoka. Akisimama, unasimama. Hushiki mkono, humrudishi. Unamfuata tu. Siku ya tatu ikiisha, ukimtaka Kwamsisi, nitawapakia mwenyewe pikipiki yangu na mafuta yangu."

Rukaya akanitazama, nikatazama dari. Na mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka wifi siku tatu.

Jumanne saa tatu Muhidini akavaa bukta yake juu ya suruali, akatoka. Rukaya akafunga kanga, akamfuata. Nikaenda zangu kukagua bucha.

Saa saba nilimkuta wifi amekaa barazani, miguu ndani ya beseni.

"Nyumba hii ina watu wangapi?" akaniuliza.

"Watatu, Husna akiwa likizo."

"Uongo. Yule mama wa machungwa pale stendi ni nani?"

"Asnath."

"Ndugu yenu?"

"Hapana. Mpare wa kuhamia."

"Basi sikiliza. Mume wako ametoka hapa mbio-mbio kama anawahi gari. Nimefika stendi sina pumzi. Yule mama akamwambia tu, 'Refa, mapumziko.' Akakaa. Akamenyewa chungwa, akala, akatema mbegu kwenye kiganja. Yule mama anatazama saa yake. Dakika kumi na tano zimefika, akasema, 'Kipindi cha pili, timu zibadilishane magoli.' Basi ndugu yangu kasimama, kageuka, kaelekea huku nyumbani. Ulimfundisha wewe?"

"Alibuni mwenyewe. Ukimwambia rudi nyumbani, anabisha. Ukimwambia abadilishe goli, anageuka."

Rukaya akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akautazama, akaurudisha.

"Na wale wa bodaboda wanasimama akipuliza."

"Wanasimama. Yule Twaha, mwenyekiti wao, amesema asiyesimama hapaki kijiweni."

"Mimi nimepewa kadi mbele yao. Wakanipigia makofi nikitoka nje."

"Pole."

"Alipokaribia lami, nimefunga macho, Mama Husna. Malori yale ya Segera hayana filimbi. Nimefumbua nakuta vijana sita wamepanga ukuta mbele yake, mikono imeziba huku chini, kama mpira wa adhabu. Yeye anawasukuma nyuma, anahesabu hatua, rudini, rudini. Wanarudi nyuma upande wa mbali na barabara, naye anawafuata. Mpaka akasahau kama alitaka kuvuka."

"Hiyo ni ya Twaha."

"Unawalipa?"

"Nani ana uwezo huo? Nilikwenda tu kijiweni nikawaeleza ugonjwa ulivyo, nikawaandikia namba yangu. Asnath namba ameishona mwenyewe ndani ya kola ya shati la Muhidini. Mengine wamebuni."

Akachezesha vidole vya miguu majini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kwamsisi stendi hakuna."

Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni. Wifi akianza kufikiri, usimwingilie.

Jumatano alitoka tena, akarudi na machungwa. Alikuwa ameanza kumwita Asnath shoga. Usiku wake nilimsikia kwenye simu akimwambia mtu kwamba jogoo alipata ajali.

Ikaja Alhamisi, siku ya mwisho ya faini. Begi la bluu lilikuwa limekaa mlangoni mwa chumba tangu Jumatatu. Tangu nitoe vidonge hakuna aliyelifungua, hakuna aliyeligusa, tulikuwa tunaliruka. Asubuhi nilikagua choo, nikasema hongera, nikaenda kazini. Niliaga kawaida, lakini nilikuwa najua nikirudi naweza kukuta Semboja amekwisha kuwapakia.

Saa nne nikagundua nimesahau daftari. Nikarudi kwa njia ya nyuma, kupitia mahindi ya jirani. Nilipofika nyuma ya jiko nikasikia sauti zao uani. Nikasimama. Sikupanga kusikiliza. Nilisimama tu, nikasikiliza.

"Muhidini, mdogo wangu," Rukaya alikuwa anasema. "Leo nakuuliza mara moja, sitarudia. Twende Kwamsisi?"

"Siwezi, dada."

"Kwa nini?"

"Mke wangu amesafiri."

"Mkeo nani?"

"Mwanaisha. Humjui? Amekwenda chuo, anasomea afya. Mimi ndiye nimebaki na mtoto. Akirudi akute nyumba imefungwa, atajisikiaje?"

Nilishika ukuta. Miaka kumi na minne iliyopita nilikwenda chuo, miaka miwili. Husna alikuwa na miaka mitatu. Watu walimcheka Muhidini kwamba amesomesha mke na yeye anabaki kuosha mtoto. Kila nilipokuja likizo nilimkuta hapo uani, amevaa shati lililopigwa pasi, kiti ameelekeza getini. Kiti kile kile. Mimi nimekuwa nikikisogeza kila jioni kwa sababu kinazuia njia, na kila asubuhi yeye anakirudisha.

"Na huyu mama wa koti jeupe?" Rukaya akamuuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyu anayekuja kila siku?"

"Mama Afya? Mtu mzuri. Anakagua sana, lakini mtu mzuri." Akashusha sauti. "Dada, nikuambie kitu. Usimwambie mtu."

"Niambie."

"Nadhani ananipenda."

"Umejuaje?"

"Juzi alinikata kucha. Siyo kazi ya afya ile. Na anakuja mpaka jioni. Mimi nakaa naye kwa heshima tu, nampeleka chooni basi. Mimi ni mume wa mtu."

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Sijui nilikuwa nacheka au nalia, na sikuwa na muda wa kuchunguza. Miaka mitatu nilidhani amenisahau. Kumbe ananisubiri, na anayemsumbua ni mimi.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilivua koti jeupe nikalitundika kwenye msumari wa jiko. Nikaingia mlango wa nyuma, nikavua viatu vyenye matope nikavaa kandambili za chooni, nikapita chumbani, nikabeba begi la bluu. Nilipotoka nalo nikagongana na Rukaya, amekuja kuchota maji, macho mekundu.

Akalitazama begi. Akanitazama mimi.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kurudi."

Akanishusha macho mpaka miguuni. Kisha akaweka ndoo chini.

"Na kandambili za chooni? Mtu anarudi safari na kandambili za chooni?"

Akavua viatu vyake vya kutokea, akanisukumia kwa mguu. Akanivua ushungi wa kazini, akanifunga wake wa maua, akanifuta uso kwa kiganja kama anaosha sahani.

"Limbwata gani hili," akasema, "linamfanya mtu asubiri miaka kumi na minne. Pita. Mimi namshika hapa asitoke."

Nikapita tena kwenye mahindi, nikazunguka, nikatokea barabarani. Viatu vilikuwa vidogo. Asnath aliniona kutoka mbali nikiwa na begi, akainuka na kisu mkononi.

"Mama Husna, unahama?"

"Nahamia," nikamwambia, sikusimama.

Nikafika getini kwangu. Nikarekebisha ushungi mara mbili, na mimi ni mtu wa kufunga mabucha ya watu bila kupepesa. Nikapiga bati mara tatu.

"Hodi."

Nikasukuma geti.

Muhidini alikuwa kwenye kiti. Alisimama polepole. Alivuta shati chini, akalinyoosha. Akatazama viatu, akatazama begi, akanitazama usoni muda mrefu, jinsi anavyotazama mpira uliogusa mstari.

"Umechelewa," akasema.

"Gari liliharibika njiani," nikasema.

Nyuma yake, mlangoni, Rukaya alikuwa ameuma upindo wa kanga. Nikatia mguu ndani, nikaweka begi chini, upande wa ndani wa geti.

Muhidini akapeleka filimbi mdomoni. Mkono mwingine ukaingia mfukoni.

Nikakumbuka kwamba nina njano tayari, ya Jumatatu. Kisha nikakumbuka kwamba ile alipewa Mama Afya. Mwanaisha alikuwa ndiyo kwanza anaingia uwanjani.